Eyam: kijiji cha Uingereza kilichojifungia ndani na tauni mwaka 1666 (uzi mrefu, nimerudi juzi)

#1 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Nipo Sheffield mwaka wa sita sasa, kazi yangu kutunza wazee. Kuna bibi mmoja ninayemhudumia aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Lushoto, milimani, na kwa kuwa alikuwa na hamu ya stori nikamsimulia tauni. Wa umri wangu waliokulia Usambara wanajua. Ilianza 1980 ikatusumbua zaidi ya miaka ishirini. Kwetu neno tauni si la kwenye Biblia peke yake. Nakumbuka maofisa afya wakipulizia dawa nyumba za udongo, na mama akitukataza kulala chini. Yule bibi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi nenda Eyam kabla hujarudi kwenu."

Kwanza matamshi. Kinaandikwa Eyam lakini kinatamkwa "Iim". Mimi nilimwambia dereva wa basi "Eyamu", kwa kujiamini kabisa, akanitazama kama nimeomba tiketi ya kwenda mwezini. Mama mmoja nyuma yangu ndiye aliyeniokoa.

Kipo Derbyshire, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa 1951. Usitegemee tembo. Hifadhi za huku watu wanaishi ndani yake, wanafuga kondoo, wanajenga ukuta wa mawe makavu bila saruji na kuuziana maziwa. Eyam yenyewe ni barabara moja ndefu yenye nyumba za mawe ya kijivu, kanisa katikati, bonde upande mmoja na mlima upande wa pili. Wakazi hawafiki elfu moja. Enzi hizo walikuwa wakulima na wachimbaji wa madini ya risasi.

Sasa kisa chenyewe, kwa ufupi. Mwaka 1665 London ilikuwa inateketea kwa tauni. Mwishoni mwa kiangazi likafika Eyam robota la nguo kutoka London, mali ya mshona nguo wa kijiji. Msaidizi wake, George Viccars, akalifungua, akakuta nguo zina unyevu, akazitandaza mbele ya moto zikauke. Ndani mlikuwa na viroboto. Tarehe 7 Septemba 1665 Viccars alizikwa. Wiki mbili baadaye akafuata Edward Cooper, mtoto wa nyumba ileile. Mama mwenye nyumba, Mary, aliyekuwa ameolewa mara ya pili na Alexander Hadfield, alikuja kupoteza ndugu 13. Yeye mwenyewe akapona.

Majira ya baridi ugonjwa ukapoa. Watu wakadhani umekwisha. Mwezi Juni 1666 ukarudi kwa nguvu, na hapo ndipo kijiji kikafanya kile kilichokipa jina: wakakubaliana hakuna atakayetoka na hakuna atakayeingia. Agosti peke yake walikufa 78. Wa mwisho alizikwa Novemba 1666. Kasisi wao aliandika mwezi huohuo kwamba familia 76 ziliguswa na watu 259 wamekufa, na kwamba mahali pale pamekuwa Golgotha, mahali pa fuvu la kichwa.

Nitaendelea na nilichokiona. Naomba dakika kumi, nina zamu.

#2 Fundi_Bomba

Nimeweka kambi hapa. Lete madini.

#3 Nyanya254

Sasa hao walijifungia kwa hiari ama walifungiwa? Maana sisi Kenya tulifungiwa na kafyu, hakuna mtu aliuliza maoni yetu.

#4 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Nyanya254, hilo swali ndilo kiini cha uzi wote, vumilia kidogo nitalifikia.

Nianze na jiwe, maana ndilo nililolikuta kwanza likanikalisha chini. Kutoka kijijini unashika njia ya miguu kuelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton, katikati ya mashamba ya kondoo. Baada ya robo saa hivi unakuta jiwe kubwa limelala kwenye majani, la kimo cha goti. Hakuna uzio wala mlinzi. Juu yake lina mashimo sita. Ukiingiza kidole unahisi kingo zimelainika kama kinu cha zamani, kwa mvua ya karne tatu na nusu na vidole vya wageni kama mimi.

Hilo ndilo Jiwe la Mpaka. Watu wa nje walileta chakula na dawa wakaviacha pale kisha wakaondoka. Watu wa Eyam wakaja kuvichukua na kuacha malipo ndani ya yale mashimo, sarafu zikiwa zimelowekwa kwenye siki. Bakteria walikuwa hawajajulikana, wala hawakujua kuwa kiroboto ndiye mwenyewe. Lakini walishajua pesa inapita mikono mingi na siki inasafisha. Kwa watu wa 1666 hiyo si akili ndogo.

Mahali pengine palipotumika hivyo ni Kisima cha Mompesson (jina la yule kasisi wao), juu mlimani upande wa kaskazini, ambako sarafu ziliwekwa kwenye maji yanayotiririka. Leo ni kisima kidogo kilichozungushiwa uzio, na ukikifikia kwa miguu utajua mapafu yako yana umri gani. Chakula kingine kilitoka kwa Lodi wa Devonshire, mwenye kasri la Chatsworth lililo jirani. Huyu alituma mahitaji kwa gharama yake, na bila yeye nadhani watu wangevunja mpaka kwa njaa tu kabla ya tauni kuwamaliza.

Ndani ya kijiji ukipita barabara kuu utakuta nyumba ndogo kando ya kanisa zimebandikwa vibao vya kijani. Kila kibao kina majina ya waliokufa humo na tarehe. Ni nyumba za watu, mkuu. Mapazia, maua dirishani, viatu vya matope mlangoni, na juu ya hapo orodha ya maiti. Nilimwona baba mmoja anatoka nje na takataka zake huku wageni saba tukisoma ukuta wake. Akatusalimia, akaingia ndani. Amezoea.

#5 Bibi_Kanga

Mwanangu, mimi ningehama siku hiyohiyo. Kulala chumba alichofia mtu na jina lake liko mlangoni! Hapana.

#6 Mwana_wa_Pwani

Bibi, huko nyumba ya hivyo inauzwa bei juu zaidi, kwa sababu ina historia 😂

#7 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Hahaha. Tuendelee.

Sasa nijibu lile la kujifungia, ila sharti niwatambulishe watu wawili kwanza, maana kijijini utasikia jina la mmoja kila kona na la mwingine kwa kunong'ona.

Wa kwanza ni William Mompesson, kasisi wa kanisa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mke aitwaye Catherine na watoto wawili wadogo, na alikuwa amefika Eyam 1664 tu. Mgeni. Tena mgeni aliyeletwa na serikali mpya. Mfalme alikuwa amerudishwa kitini 1660, na 1662 ikatungwa sheria ya kuwalazimisha makasisi wote wafuate kitabu kimoja cha sala. Waliokataa, kama elfu mbili nchi nzima, wakatupwa nje.

Mmoja wa waliotupwa ni huyu wa pili, Thomas Stanley. Ndiye aliyekuwa mchungaji wa Eyam kabla, na watu walikuwa wanampenda. Alipofukuzwa kwenye mimbari hakwenda mbali, akabaki kuishi hapohapo.

Jiulizeni: tauni imeingia, kijana mgeni ambaye nusu ya kijiji hawamtaki anasimama aseme, "Ndugu zangu, tubaki humu tufe ili Sheffield wapone." Nani angemsikiliza? Mompesson hakuwa mjinga. Akamwendea Stanley. Mahasimu wawili, kila mmoja akiamini mwenzake amepotosha imani, wakakaa meza moja wakatoka na neno moja.

Walikubaliana mambo matatu. Maziko ya kanisani yakome, kila familia izike watu wake yenyewe, bustanini au shambani. Kanisa lifungwe, ibada zifanyike nje, kwenye bonde liitwalo Cucklet Delf, watu wakisimama familia moja mbali na nyingine. Na mpaka uwekwe, asitoke mtu.

Cucklet Delf nimefika. Ni korongo lenye nyasi na mwamba mmoja wenye matundu kama matao, ambapo mhubiri alisimama. Hadi leo Jumapili ya mwisho ya Agosti wanafanya ibada ya kumbukumbu, wanaiita Jumapili ya Tauni.

Msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: sifa ya Eyam imegawiwa vibaya. Kiti cha Mompesson kimehifadhiwa kanisani, kisima kina jina la Mompesson, na wageni tunapiga picha kaburi la mke wa Mompesson. Lakini neno lililowazuia watu wasikimbie, kwa maoni yangu, lilikuwa na uzito wa Stanley. Tena baada ya tauni kuisha, wapo waliotaka Stanley afukuzwe kabisa eneo lile kwa sababu ya dini yake! Yule Lodi wa Devonshire akawajibu kwamba ingekuwa haki zaidi watu wa kaunti nzima wamshukuru huyo mzee, kwa jinsi alivyovikinga vijiji vya jirani. Stanley alikufa 1670.

#8 Daktari_wa_Mtaa

Mkuu umeandika vizuri, ila umemwonea huruma sana Mompesson. Mbona husemi kwamba watoto wake wawili aliwatoa nje ya kijiji KABLA ya kutangaza mpaka? Wa kwake Yorkshire, wa wenzake kaburini. Viongozi ni walewale tangu enzi na enzi.

#9 Kisu_Butu

#8 umemaliza. Uzi ufungwe.

#10 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Daktari, ni kweli, aliwapeleka Yorkshire, na wakapona. Sikulificha, nilikuwa nalifikia.

Ila ongeza na nusu ya pili. Alimwomba mkewe naye aondoke na watoto, Catherine akakataa, akabaki naye kuhudumia wagonjwa. Agosti 1666, tauni ilipokuwa kileleni, Catherine akafa akiwa na miaka ishirini na kitu. Kaburi lake liko uwanja wa kanisa, karibu na msalaba wa kale. Mumewe akawaandikia watoto barua ya kuwaambia mama yenu hayupo tena. Yeye hakuugua.

Kwa hiyo ndiyo, aliwatoa watoto wake. Nami nakiri hivi: ningekuwa na pa kuwapeleka wanangu, ningefanya hivyohivyo usiku wa manane bila kumuaga mtu. Tatizo langu ni pale anaposimuliwa kama malaika.

Na wengine wenye uwezo pia waliondoka mapema. Familia ya Bradshaw, waliokuwa na jumba lao hapo, walikimbia. Hapo ndipo swali la Nyanya254 linapouma: hiari ya nani? Mchimba risasi mwenye watoto sita angekwenda wapi? Watu wa kijijini wanasimulia habari za mwanamke mmoja wa Eyam aliyejipenyeza hadi soko la Tideswell. Alipotambuliwa tu, watu wakapiga kelele "Tauni!" wakamrushia matope hadi akakimbia. Kama nje wanakurushia matope, kubaki ndani ni ushujaa au ni kukwama? Nadhani ni vyote viwili, kwa vipimo tofauti nyumba hadi nyumba.

#11 Mwana_wa_Pwani

Wasomi wa historia nao wanalo hilo. Hii hadithi ya kijiji kizima kujitoa mhanga ilinenepeshwa baadaye, karne ya 18 na ya 19, na washairi na waandishi. Anna Seward, mshairi mwanamke, alizaliwa Eyam 1742, babake alikuwa kasisi wa hapohapo. Halafu William Wood akachapisha historia ya kijiji 1842, na mengi yanayosimuliwa leo yanapitia kwake. Sisemi ni uongo. Vifo viko kwenye rejista. Lakini nani alisema nini na nani alilia wapi, mengi ni simulizi.

#12 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Mwana wa Pwani nakupa tano. Ndiyo maana najitahidi kutenganisha. Mfano mzuri ni Emmott Sydall. Rejista inasema alizikwa Aprili 1666, hilo halina ubishi. Simulizi ndiyo inasema alikuwa na mchumba Stoney Middleton aitwaye Rowland, wakawa wanakutana kwa mbali, kila mmoja upande wake wa bonde, wanaangaliana tu bila kusogeleana. Siku moja Emmott hakutokea. Rowland akaendelea kuja. Mpaka ulipofunguliwa akawa wa kwanza kuingia, akakuta nyumba tupu. Iwe kweli au imetiwa chumvi, dirisha la vioo vya rangi kanisani, lililowekwa 1985, linao hao wawili.

Sasa twende Riley. Hapa mnipe nafasi.

Kutoka kanisani unatembea mashariki, unapanda kilima kama dakika ishirini. Kuna shamba la malisho, katikati yake ukuta wa mawe wa mviringo, wa kimo cha kiuno, na ndani mawe ya makaburi machache yamesimama yakitazamana. Nje ya ukuta kondoo wanakula. Hapo wamezikwa Hancock.

Elizabeth Hancock na mumewe John walikuwa na shamba hapo juu, mbali kidogo na kijiji. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, siku nane, Elizabeth alimzika mumewe na watoto wake sita. Peke yake. Kwa amri ya kijiji hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia, na hata wangeruhusiwa nani angekuja? Wanasema aliwaburuta kwa kitambaa alichowafunga miguuni ili asiwaguse, na kwamba watu wa Stoney Middleton walikuwa wakimwona akichimba, wao wako ng'ambo.

Nilisimama pale upepo unavuma kutoka bondeni, nikajaribu kupima kwa macho kutoka mlango wa nyumba hadi shimo. Ardhi ya pale ni mawe matupu. Kuchimba kaburi moja tu la mtoto kwenye udongo ule ni kazi ya nusu siku kwa mwanamume aliyekula akashiba. Yeye alichimba saba, usiku akirudi kuwauguza waliobaki, ambao anajua kesho ni zamu yao.

Mwenyewe hakufa. Baadaye aliondoka akaenda Sheffield, alikokuwa na mtoto wa kiume aliyebaki. Mji ninaokaa mimi. Siku hiyo jioni, treni ilipofika stesheni, nilikuwa namfikiria yeye akiingia mji huohuo bila mizigo.

#13 Bibi_Kanga

Nimesoma hapa pa Elizabeth nimeshindwa kuendelea. Nimezika mmoja. Siku nane saba... Mungu amlaze.

#14 Nyanya254

Pole sana Bibi. 🙏🏾

#15 Fundi_Bomba

Pole mama yetu.

Mleta mada, hakuna hata kitu kidogo cha kuchekesha huko? Tupumzishe roho.

#16 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Bibi, pole sana. Usome taratibu, uzi haukimbii.

Fundi, vipo. Kulikuwa na jamaa aitwaye Marshall Howe, mchimba risasi, pande la mtu. Aliugua tauni mwanzoni akapona, akaamini haitamrudia. Akajifanya mzikaji wa kijiji: nyumba ikikosa mtu wa kuzika, anaitwa Howe, na ujira wake ni kuchukua vitu vya marehemu. Sasa wanasimulia siku moja alikuwa anamburuta bwana aitwaye Unwin kwenda kumzika, kaburi lishachimbwa, mara "maiti" ikafumbua macho ikaomba kinywaji cha moto! Howe akakosa mzigo na akakosa malipo.

Lakini mwisho wake haucheshi. Mkewe na mtoto wake wa kiume walikufa Agosti ileile, na watu wakasema aliwapelekea kifo ndani ya vile vitu. Miaka mingi baadaye mama wa Eyam alikuwa akitaka mtoto anyamaze anamwambia Howe anakuja.

Kingine cha kuchekesha kabisa, hakina uhusiano na tauni. Uwanja wa kanisa kuna kaburi la Harry Bagshaw, mchezaji kriketi wa Derbyshire. Jiwe lake limechongwa fito zimevunjwa na mpira, na juu yake mkono wa mwamuzi umenyoosha kidole, maana yake umetolewa, nenda zako. Nilicheka peke yangu makaburini, mzee mmoja akanikaribia akanieleza kwa dakika ishirini sheria za kriketi. Sikuelewa hata moja.

#17 Kisu_Butu

Huyo Bagshaw alielewa maisha.

#18 Daktari_wa_Mtaa

Turudi kwenye sayansi kidogo. Kuna wanaodai ile haikuwa tauni ya mitoki bali ugonjwa mwingine, kwa sababu ilisambaa haraka mno kwa ugonjwa wa panya. Na nilisoma kuhusu jeni fulani la waliopona Eyam linalokinga hata Ukimwi. Vipi hapo?

#19 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

La kwanza: mwaka 2016 walitangaza kwamba mifupa iliyofukuliwa London, kwenye makaburi ya tauni ya 1665, ilikutwa na vinasaba vya *Yersinia pestis*, bakteria yuleyule wa Lushoto. Na robota lilitoka London, kwa hiyo mimi ubishi huo nimeuweka chini.

Kuhusu kasi, mwaka huohuo kuna utafiti ulichapishwa uliotumia rejista ya Eyam yenyewe, nani alikufa lini na aliishi nyumba gani. Wakakadiria kuwa robo tu ya maambukizi ilitoka kwa panya moja kwa moja, robo tatu ilitoka mtu kwa mtu, pamoja na viroboto na chawa wa miilini. Hiyo inaeleza kwa nini iliteketeza nyumba moja ikaruka ya pili. Pia waliona maskini waliumia zaidi ya matajiri. Hapo sikuhitaji utafiti.

La pili: ni kweli wazawa wa Eyam walipimwa wakakutwa na ile hitilafu ya jeni la CCR5 inayowazuia baadhi ya virusi vya Ukimwi kuingia kwenye chembe. Televisheni zikaichukua ikawa stori kubwa. Wanasayansi wengine wakaipinga sehemu ya tauni, kwamba jeni hilo halionekani kumkinga mtu dhidi ya *Yersinia*. Kwa hiyo ukisimuliwa, sikiliza tu.

Kuhusu waliokuwepo jumla: zamani walisema kijiji kilikuwa na watu 350, ndiyo hesabu ya kutisha ya "robo tatu walikufa". Waliozichambua rejista upya wanasema walikuwa zaidi ya 700. Bado ni theluthi ya kijiji. Usipunguze uchungu kwa kusahihisha hesabu.

#20 Nyanya254

Na huyo Mompesson baadaye? Alienda wapi?

#21 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Kwanza alihimiza nguo na vyombo vya nyumba zilizoguswa vichomwe. Miaka michache baadaye akahamishiwa Eakring, Nottinghamshire. Unajua alipokelewaje? Watu walisikia kasisi wa tauni anakuja, wakamkataa. Akakaa kwanza kwenye kibanda nje ya kijiji, Rufford Park, akihubiri chini ya mti hadi hofu iwatoke. Mtu aliyewaambia wengine wasivuke mpaka akawekewa mpaka yeye.

#22 Fundi_Bomba

Duh. Hiyo nimeipenda.

Sasa sisi wengine tukija huko matembezini, tuangalie nini na tufikeje? Usitupe historia tupu.

#23 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Haya.

Anza na jumba la makumbusho, liko mwanzo wa kijiji karibu na maegesho, ndani ya lililokuwa kanisa dogo la Wamethodisti. Lilifunguliwa 1994, linaendeshwa na wakazi wanaojitolea. Utalijua kwa kuangalia juu: kile kishale cha kuonyesha upepo kimetengenezwa umbo la panya. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo angalia kabla hujatoka nyumbani.

Kanisa la Mtakatifu Lawrence ndilo moyo wa kijiji. Nje kuna msalaba wa mawe wa karne ya 8, umechongwa malaika na mizunguko ya mimea, umekatika kipande cha nguzo. Ulikuwa na karibu miaka mia tisa tauni ilipofika. Juu ya mlango mmoja ukutani kuna saa ya jua ya 1775, na maneno ya Kilatini yanayosema maisha ni kama kivuli. Ndani utakuta kile kiti cha Mompesson na kitabu chenye majina ya waliokufa. Geuza kurasa polepole uone majina ya ukoo yanavyojirudia.

Mbele kidogo ni Eyam Hall, jumba la familia ya Wright, lilijengwa miaka ya 1670, yaani tauni haijapoa vizuri. Linapendeza kwa nje. Ng'ambo ya barabara kuna mkatale wa zamani, mbao zenye matundu ya miguu, walimowafunga wakosaji. Watoto wanapiga picha humo.

Ukija mwishoni mwa Agosti utakuta visima vimepambwa. Ni desturi ya Derbyshire: wanapaka udongo wa mfinyanzi kwenye ubao mkubwa, wanabandika petali za maua, majani, mbegu, moja moja kwa vidole, hadi inatoka picha kamili. Inachukua siku na inanyauka ndani ya wiki. Wiki hiyohiyo wanachoma kondoo mzima kijijini. Nyama choma, wakuu, ila chumvi mbebe wenyewe.

Ukiwa na muda shuka Stoney Middleton ukaone kanisa lake la pembe nane. Hapo pia kuna genge ambalo mwaka 1762 binti aitwaye Hannah Baddeley alijirusha kwa sababu ya mapenzi, sketi zake zikajaa upepo, zikanasa vichakani, akatua mzima.

Usafiri: basi lipo kutoka Sheffield, lakini mabasi ya vijijini huku ni machache na Jumapili ndiyo kabisa. Mimi niliamini ratiba iliyobandikwa kituoni, kumbe ya msimu uliopita. Nikasimama kama mlingoti saa nzima. Mwisho nikatembea hadi stesheni ya Grindleford, zaidi ya saa moja kwa miguu, nusu yake ni mteremko msituni. Treni ikitoka hapo inaingia moja kwa moja kwenye handaki la Totley, zaidi ya kilomita tano za giza, na ukitoka tu ushafika pembezoni mwa Sheffield.

Vaeni viatu vya matope. Nilivaa raba nyeupe. Msiulize.

#24 Bibi_Kanga

Nimerudi kumalizia kusoma. Mwanangu, yule bibi aliyekutuma huko ulimwambia umefika?

#25 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Nilimwambia, Bibi. Nikamwonyesha picha za simu. Picha ya Riley akaishika muda mrefu, akauliza kama kondoo bado wapo. Nikasema wapo. Akasema alipelekwa pale na shule akiwa na miaka minane, na kitu pekee alichokumbuka ni kondoo na baridi. Halafu akaniuliza Lushoto waliokufa wamezikwa wapi, na kama kuna mahali majina yao yameandikwa.

Nikamwambia majina tunayo vichwani.

#26 Mwana_wa_Pwani

Swali moja la mwisho. Yale mashimo ya kwenye jiwe, watu bado wanaweka sarafu?

#27 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Wanaweka. Nilikuta za shaba zimeshaota kutu ya kijani, maji ya mvua yamejaa juu yake.

#28 Mwana_wa_Pwani

Na wewe ulitia ngapi?

#29 MsambaaUgaibuni (mleta mada)

Peni 20. Siki sikuwa nayo.